Aliyeshika Mizani

Kabla Msukuma hajapanda pamba ya kuuza, alikuwa amekwisha kuvaa pamba iliyochumwa na mtumwa. Katikati ya karne ya 19, mpagazi aliyetoka Usukuma au Unyamwezi akashuka pwani na pembe ya ndovu begani alilipwa kwa nguo, na nguo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa merikani: kitambaa kizito, kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa meli za bandari ya Salem. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na kufikia 1837 Marekani ilikuwa na konsuli wake Zanzibar, Richard Waters, naye mwenyewe mfanyabiashara wa Salem. Merikani ilipimwa kwa shuka na doti, doti moja yadi nne, na ilipita mkononi kama fedha. Stanley alipojiandaa kwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, sehemu kubwa ya mizigo aliyofungasha Zanzibar ilikuwa nguo, merikani na kaniki, kwa kuwa bila nguo hapakuwa na chakula njiani wala ruhusa ya kupita kwa watemi.

Nyuzi za merikani zilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, ambako kabla ya vita vya 1861 waliolima na kuchuma pamba walikuwa watumwa. Nguo hiyo ikivuka bahari na kuingia bara ilinunua pembe, na mara nyingine ilinunua watu. Mtu aliyefungwa mnyororo Mississippi alikuwa anachuma nyuzi za kitambaa ambacho kingelipa bei ya mtu aliyefungwa mnyororo Tabora. Siku hizi ukiuliza nguo fulani imegharimu nini hasa, utajibiwa kwa hesabu ya maji, dawa na mishahara ya Asia. Kwa nchi hizi swali hilo lina umri wa karibu miaka mia mbili.

Si kwamba watu wa bara hawakujua kufuma. Wafipa walikuwa na vitanda vyao vya mfumi, na msafiri Mwingereza Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858 aliwakuta wafumaji kazini. Nguo yao ilikuwa nzito na yenye kudumu, lakini ilichukua siku nyingi kukamilika. Merikani ilifika imekwisha kufumwa. Baadaye viwanda vya Bombay na vya Lancashire vikaingia soko lile lile kwa bei ya chini zaidi, na mfumi wa nyumbani ukafa taratibu, bila amri ya mtu yeyote.

Pamba yenyewe, kama zao la biashara, ililetwa na Wajerumani, na walikuwa na sababu yao. Viwanda vyao vya nguo vilitegemea pamba ya Marekani, na bei yake ilipanda na kushuka bila wao kuwa na sauti. Kamati yao ya uchumi wa makoloni, iliyoundwa 1896, ilianza kutafuta udongo wa pamba Afrika. Togo walipeleka hata wataalamu weusi wa Kimarekani kutoka chuo cha Tuskegee. Tanganyika walianza vibaya. Kuanzia 1902 watu wa pwani ya kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, kwa malipo ambayo hayakufanana na kazi. Julai 1905, huko Umatumbi, vita vya Maji Maji vilianza kwa kung'oa miche ya pamba. Waliokufa vitani, na zaidi kwa njaa iliyoletwa na jeshi la Wajerumani kuchoma vyakula, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wanahistoria wengine wanasema mamia ya maelfu.

Usukuma haukuingia katika vita hivyo. Huku pamba iliingia kwa mlango mwingine. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikaunganisha Mwanza na Mombasa, na kodi ya nyumba ikataka fedha taslimu. Mkulima aliyekuwa na mtama, ng'ombe na mikono mingi nyumbani angeweza kupanda kipande cha pamba bila kuacha chakula chake. Baada ya Maji Maji utawala wa Kijerumani nao uliona kwamba pamba ya mkulima mdogo anayelima kwake ilikuwa na faida kuliko pamba ya kiboko. Mfumo huo haujabadilika sana hadi leo: pamba ya Tanzania ni ya mkulima mwenye ekari chache, inategemea mvua, inapandwa kwa ng'ombe na jembe, inachumwa kwa mkono.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na hamu ile ile, ila ya Lancashire. Shirika lao la kuendeleza pamba katika himaya lilipewa hati ya kifalme 1921. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kutoa mbegu zilizozoea ardhi na wadudu wa hapa, na herufi UK zilizobandikwa kwenye majina ya mbegu tangu wakati huo, kama UK91 na UKM08, ni za Ukiriguru. Ntuzu, nchi ambayo ndani yake Bariadi ilikua, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, na kadiri ardhi ya karibu na ziwa ilivyochoka, watu walisogea mashariki na ng'ombe wao, wakifyeka mapori na kulima mbuga hizi za Maswa, Bariadi na Meatu. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, ng'ombe wakalipa mahari, kaya zikapanuka, na pori likarudi nyuma. Gharama hiyo haikuandikwa popote katika vitabu vya wanunuzi. Ilikuja kuonekana miaka ya 1980, miti ilipokwisha kiasi cha serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986 na kuwaomba wazee warudishe ngitili, utaratibu wa kale wa Wasukuma wa kutenga malisho na kuyapumzisha. Ngitili zilirudi, na watu wa nje wakausifu mradi. Sifa za kwanza, nadhani, ziwaendee wazee walioujua utaratibu huo tangu zamani.

Utawala wa kikoloni ulipenda sheria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango wa maendeleo wa Usukuma ulimwambia mkulima alime matuta ya namna gani, apunguze ng'ombe wangapi, ang'oe na kuchoma mabua ya pamba ya zamani kabla ya msimu mpya. Sheria nyingine, kama ya mabua, zilikuwa na akili ndani yake, maana funza hujificha humo. Lakini zote zilikuja na faini, na hakuna hata moja iliyogusa jambo ambalo kila mkulima alilijua, yaani kwamba anaibiwa kwenye mizani.

Hapa ndipo hadithi ya pamba ya Usukuma inapokuwa yao wenyewe. Viwanda vya kuchambua pamba na vituo vya kununulia vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wengi wao wenye asili ya Kihindi, na serikali ndiyo iliyotoa leseni na kutangaza bei. Bei ikishatangazwa, mnunuzi asiyetaka kuilipa yote alikuwa na njia moja ya haraka: uzito. Mkulima asiyejua kusoma alileta mzigo wake, karani akaupachika, akataja namba, na namba hiyo ndiyo iliyolipwa. Kuna karani aliyekanyaga mizani, kuna aliyeondoa ratili kadhaa kwa kisingizio cha unyevu, kuna aliyetaja pungufu tu bila kujisumbua na hila. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya vita Uingereza ilikuwa inanunua pamba kwa mkupuo kwa bei ya chini ya soko la dunia, na sehemu ya fedha ya mkulima ikabaki kwenye mifuko ya serikali, eti ya kumkinga siku bei ikianguka. Basi mkulima alikatwa mara mbili, na mara ya pili hata hakuona mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa sehemu mbalimbali za Kanda ya Ziwa walianza kuchanga fedha na kuwaajiri vijana waliosoma wakapime pamba upya, kando ya kituo, kabla haijafika kwa mnunuzi. Hawakuwa na silaha wala chama cha siasa. Walikuwa na mizani yao na daftari. Karani wa mnunuzi akitaja pungufu, namba ya wakulima ilikuwa tayari imeandikwa. Ninakiona kitendo hiki kuwa kikubwa kuliko mikutano mingi iliyokuja kuandikwa vitabuni, kwa sababu hakikungoja huruma ya mnunuzi wala ripoti ya mkaguzi.

Kutoka hapo ukazaliwa ushirika. Paul Bomani, aliyezaliwa 1925 huko Ikizu, mtoto wa mchungaji wa Kiadventista, aliwahi kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuingia katika ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika Mwanza. Yeye na wenzake walitembea vijijini wakiwaunganisha wakulima. Serikali ikampeleka kusoma Loughborough, Uingereza, labda kwa matumaini kwamba angerudi mpole. Alirudi, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo kila mtu aliita VFCU. Hadi kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba yote ya kanda ilikuwa inapita kwenye vyama vya wakulima wenyewe. Walinunua viwanda vya kuchambua pamba na kujenga vingine. Wageni kutoka nje walikuja kuutazama kama mmoja wa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika barani. Bomani akawa waziri wa kilimo 1960, kisha wa fedha 1962.

Katikati ya miaka ya 1960 mavuno yalipanda hadi marobota zaidi ya laki nne kwa mwaka, kiwango ambacho Tanzania haikukivuka kwa urahisi kwa miongo iliyofuata. Na kwa muda nchi ilikuwa na mpango wa kuvaa pamba yake. Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ikapata Mwatex, ambayo ushirika wa wakulima ulikuwa na hisa zake, Arusha ikapata Kilitex, Musoma ikaja kupata Mutex. Khanga na kitenge cha nyumbani, shuka la hospitali, khaki ya mwanafunzi: yote haya yalitoka katika nyuzi ambazo huenda zilianza safari Bariadi au Maswa kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe.

Mambo yaliharibika kutoka ndani na kutoka juu kwa wakati mmoja. Ushirika ulipokua, watendaji walijifunza hila za wale waliowatoa: makato yasiyoeleweka, malipo ya kuchelewa, jamaa kuajiriwa. Mwaka 1966 kamati ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini, VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na 1968 ikageuzwa kuwa chama cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa vijijini, wengine mbali na mashamba yao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa kabisa. Vilirudishwa 1984, na mkoa wa Shinyanga, ambao ndani yake Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo, ukawa na chama chake kikuu, SHIRECU, lakini kilirudi kikiwa kimejaa madeni na viongozi waliojibu kwa serikali kabla ya kujibu kwa mwanachama. Miaka yote hiyo mkulima alikuwa na mizani mpya, na karani wake alikuwa na kadi ya chama.

Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nchi inayolima pamba ilikosa nguo. Viwanda vilikosa vipuri na umeme, khanga zikapangiwa foleni, na 1983 waliokutwa na bidhaa walizozificha walishikwa kwa uhujumu uchumi. Kisha milango ikafunguliwa. Biashara ililegezwa kuanzia 1984, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani, ambazo wazee walikuwa wakizinong'onea kwa jina la kafa ulaya, zikaingia kwa marobota, mchana kweupe. Nisiseme uongo: watu walifurahi. Mama aliyekuwa na gauni moja alipata matatu. Viwanda vya nguo, vilivyokuwa vimezeeka na kuendeshwa vibaya, havikuweza kushindana na bei ya kitu ambacho mwenyewe amekitupa, na katika miaka ya 1990 vingi vilifungwa au kuuzwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania husafirishwa nje bila kusokotwa, na robota linalorudi ni la nguo zilizokwisha kuvaliwa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu waliishitakia serikali yao, wakitaka nchi hizi zinyimwe nafuu ya soko iliyotolewa na sheria ya Marekani iitwayo AGOA. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iligoma, na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Sijui kama viwanda vyetu vingefufuka kwa marufuku peke yake, nina mashaka. Lakini tukio lile lilionyesha nani anaruhusiwa kuamua nguo za mtu wa Bariadi zitoke wapi.

Soko la pamba nalo lilifunguliwa mwaka 1994. Wanunuzi binafsi walirudi, wakashindana, na miaka ya mwanzo mkulima alilipwa papo hapo, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Ushindani ukazaa na balaa zake. Mnunuzi aliyekimbilia mzigo hakuangalia usafi. Mkulima aliyeona hakuna tofauti ya bei alichanganya daraja la kwanza na la pili, na wengine wakamwagia maji, chumvi au mchanga ili mzigo uwe mzito. Ndiyo, mkulima naye alijifunza kuidanganya mizani, na sifa ya pamba ya Tanzania, iliyochumwa kwa mkono na ambayo ingepaswa kuwa safi kuliko ya mashine, ikachafuka katika soko la dunia. Nyuzi za mifuko ya sandarusi zilizonasa kwenye pamba ziliharibu vitambaa vya wateja wa mbali. Aliyelipa bei ya uchafu huo, msimu baada ya msimu, ni mkulima msafi.

Mwaka huo huo wa 1994, Meatu kulianza jambo lingine. Patrick Hohmann, mfanyabiashara wa nyuzi wa Uswisi na mwenye kampuni ya Remei, alikuwa ameanza miaka michache kabla kununua pamba isiyotumia kemikali kutoka kwa wakulima wa India. Akaja na mpango huo Meatu, chini ya jina la bioRe, makao yake Mwamishali. Mkulima aliyekubali aliacha dawa za viwandani na mbolea ya chumvichumvi, akasubiri miaka ya mpito shamba lake lihesabiwe kuwa safi, akabadilisha mazao mwaka hadi mwaka: pamba, kisha choroko au mtama au dengu. Dhidi ya funza wa vitumba alitumia mwarobaini na alizeti. Alizeti ilipandwa ndani ya pamba, ikawavuta wadudu waiache pamba, na ikawaleta sisimizi ambao hula mayai na funza. Ng'ombe, ambao mkoloni alitaka wapunguzwe, wakawa kiwanda cha mbolea.

Wasukuma hawakuwa wageni wa samadi wala wa mwarobaini. Kilichokuwa kipya ni mkataba. Mnunuzi aliahidi mapema kununua, akaongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko, na nyuma yake alikuwapo mteja anayejulikana: maduka ya Coop ya Uswisi, yaliyouza nguo hizo kwa jina la Naturaline. Fulana iliyotundikwa Zürich ingeweza kufuatwa kinyumenyume hadi kwenye kundi la wakulima wa Meatu. Mfuko wa mradi ulichimba visima na kujenga majiko yasiyo na moshi. Kwa namna yake, ulikuwa mpango uliomfanya mkulima ajue mnunuzi wake kabla hajashika jembe, ingawa tofauti kubwa na VFCU ilibaki: mizani ya VFCU ilikuwa mali yake, hii ilikuwa ya Mswisi mwema.

Baadaye alama nyingine zikafika. Mwaka 2005 Michael Otto, mfanyabiashara wa Kijerumani, alianzisha taasisi iliyozaa Cotton made in Africa, na Alliance Ginneries yenye kiwanda Kasoli, Bariadi, ikawa miongoni mwa washirika wake Tanzania. Mpango huu haukatazi kila dawa, wala haumpi mkulima nyongeza ya bei kwa kila kilo. Wauza nguo hulipia kutumia alama, na fedha hiyo hurudi kama mafunzo na miradi ya jamii. Ni njia inayofikia wakulima wengi zaidi kwa kiasi kidogo zaidi kwa kila mmoja. Mkulima wa Kasoli akijifunza kupima shamba kabla ya kupuliza, na akavaa kinga badala ya kufunga kitambaa puani, hilo si dogo. Ila mwanamke aliyeko Hamburg, akisoma alama ile shingoni mwa fulana, anaweza kudhani amelipa bei bora ya pamba. Amelipia semina.

Hapo inafaa kupiga hesabu, maana mjadala wa nguo za haki hupenda maneno laini. Pamba mbegu kilo tatu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi. Mbegu huenda kwenye mafuta na mashudu. Fulana ya kawaida, ukihesabu nyuzi zinazopotea katika kusokota na kukata, hula robo kilo hivi ya nyuzi, yaani kama gramu 750 za pamba mbegu. Mwaka 2023 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,060 kwa kilo. Kwa fulana moja, basi, mkulima alipata kama shilingi 800. Akivuna kilo 300 kwa ekari, na wengi hawafiki hapo, ekari yake imetoa pamba ya fulana 400, na yeye amepata shilingi 318,000, kabla ya kutoa gharama za dawa, vibarua na usafiri. Kulima kulianza Novemba. Kuchuma hufanyika Mei na Juni, kwa mkono, kitumba kwa kitumba. Fulana yenye alama nzuri ikiuzwa euro 20 Ulaya, bei ya fulana sita hivi inalingana na ekari nzima.

Sasa ongeza ile asilimia 15 ya Meatu. Ni shilingi 120 kwa fulana, chini ya senti tano za euro. Hata bei ya pamba ingezidishwa mara mbili, fulana ya Zürich ingepanda kwa kama senti 30. Tunaambiwa kila mara kwamba mteja wa kawaida hawezi kumudu nguo ya haki. Kwa upande wa shambani, hesabu inakataa. Fedha ipo ndani ya fulana tayari. Imekaa mahali pengine, kwenye kodi ya duka, tangazo, jina na faida.

Dunia ilishtuka tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji. Ilistahili kushtuka, na tangu hapo mikataba ya usalama wa viwanda ilitiwa saini. Lakini macho yaliishia kwenye cherehani. Bei ya pamba ikianguka, hakuna jengo linaloporomoka wala kamera inayokuja. Mwaka 2011 pamba ilipita dola mbili kwa ratili katika soko la New York, bei isiyowahi kuonekana, na wakulima wa hapa walipata hadi shilingi 1,100 kwa kilo. Wakapanua mashamba, wakakopa pembejeo. Mwaka 2012 wakaambiwa 660. Walilima kwa matumaini ya bei moja, wakauza kwa nyingine, na wako waliokataa kuuza, wakakaa na pamba ndani ya nyumba hadi panya wakaijua.

Mwaka huo wa 2012 ndipo mkoa wa Simiyu ulipozaliwa rasmi, Bariadi ikiwa makao makuu, ukichukua Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga na Busega kutoka Mwanza. Mkoa mpya uliingia duniani ukiwa na karibu nusu ya pamba ya nchi. Serikali iliupa heshima zake: maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yaliletwa viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, 2018, na yakarudi miaka miwili iliyofuata. Na 2018 ilitoka amri kwamba pamba yote iuzwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Nia ilikuwa ile ile ya miaka ya 1950, kumwondoa mlanguzi na mizani yake ya mfukoni. Tofauti ni kwamba safari hii ushirika ulishushwa kutoka juu, na AMCOS nyingi zilipewa kazi ya kuipima pamba bila fedha ya kuinunua.

Jaribio la amri hiyo lilikuja 2019. Wakulima walihamasishwa, mvua ikasaidia, mavuno yakafika karibu tani 349,000. Bei ilitangazwa shilingi 1,200. Kisha mgogoro wa kibiashara kati ya Marekani na China ukaiangusha bei ya dunia, na wenye viwanda wakasema wakinunua kwa 1,200 watafilisika. Pamba ikarundikana kwenye maghala ya AMCOS. Ilipimwa vizuri, risiti zikaandikwa, hakuna karani aliyekanyaga. Fedha haikuja. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliitisha wanunuzi na mabenki zaidi ya mara moja. Malipo yakatoka kwa mafungu, kwingine baada ya miezi. Kwa muda huo, mkopo wa kuendesha biashara ya nguo duniani ulikuwa umetolewa na watu wa Itilima na Maswa, bila riba.

Msimu wa 2020 bei ilifunguliwa kwa shilingi 810. Mvua zilizidi, wadudu walikuwa wengi, na mavuno yakashuka hadi tani zipatazo 122,000. Mengi yalisemwa juu ya hali ya hewa na mbegu. Lakini ekari za pamba zilikuwa zimepungua kabla mvua haijaharibu kitu, kwa kuwa uamuzi ulifanywa Novemba, shambani, bila mkutano. Mahali pengi palipokuwa pa pamba palipandwa mtama, choroko na dengu, ambazo mnunuzi asipotokea, zinapikwa.